Simba aliugua siku mbili baada ya kutoka msituni: je, niache kutembea naye?

*"Shikamoo daktari. Naishi Shanzu na mbwa wangu Simba, dume wa miaka mitatu, kilo 28, damu ya German Shepherd iliyochanganyika na mbwa wetu wa kienyeji. Kila Jumapili alfajiri twatembea kwenye vijia vya mivinje upande wa Bamburi, na mara nyingine twapitiliza hadi mashamba ya Mwakirunge. Mwezi uliopita tulitembea Jumapili, Jumanne akakataa chakula na kuwaka homa, Jumatano akatokwa na damu kidogo puani. Tukaambiwa ni homa ya kupe. Akachomwa sindano na kupewa vidonge. Siku ya sita alikuwa amechangamka, nikaviacha kwa sababu vilikuwa vikimtapisha. Mume wangu asema msitu ndio uliomletea ugonjwa, basi matembezi yamekwisha. Jirani anishauri nimwogeshe dawa ya kupe ya ng'ombe iliyochanganywa na mafuta ya taa. Tena kuna jambo jingine: hata kivulini, saa tatu asubuhi, Simba huhema mno. Nilipanga Disemba tumpeleke Shimba Hills. Je, niache kabisa? Roho yaniuma, kwani hayo matembezi ndiyo saa pekee za wiki ninazopumua."*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa hofu ya siku zile, maana mbwa akitokwa na damu puani hakuna mwenye nyumba anayelala. Nikuambie mapema ili usome yaliyobaki ukiwa umetulia: matembezi usiyaache. Ila kuna mambo mawili ya kushughulikia kabla hujaichukua ile kamba ukutani. La kwanza ni vile vidonge ulivyovikatiza, la pili ni ua wa nyumba yako.

Tuanze na mashtaka ya mume wako dhidi ya msitu. Hebu hesabu siku. Mlitembea Jumapili, Jumanne Simba akaanguka. Homa ya kupe haina mbio hizo. Vijidudu vyake vikishaingia mwilini huhitaji muda wa kuzaana kabla mbwa hajaonyesha dalili, na kwa kawaida muda huo ni wiki moja hadi tatu. Kupe aliyemwambukiza Simba, basi, alikuwa amekwisha kumuuma muda mrefu kabla ya Jumapili ile. Nasikia shtaka hili karibu kila wiki: mbwa alikwenda mahali, akarudi, akaugua, na mahali pale pakabeba lawama. Kwa ugonjwa huu, ukitaka kujua alikoupata, jiulize alikuwa wapi wiki mbili zilizopita. Kwa mbwa wengi jibu ni moja: alikuwa nyumbani.

Hapo ndipo watu wengi hushangaa. Wengi wetu tumezoea kumfikiria kupe kama kiumbe wa porini, wa majani na ng'ombe. Lakini kupe anayewatesa mbwa wa Mombasa kuliko wote, yule wa rangi ya kahawia iliyokolea, ameacha pori kitambo. Anaishi na mbwa, kwenye banda la mbwa, nyufani mwa ukuta wa mbwa. Jike akishanyonya damu kwa takriban wiki moja huvimba, akawa na rangi ya kijivu na ukubwa wa punje ya kunde, kisha hujiachia na kuanguka. Haendi msituni. Hupanda ukuta. Hutafuta ufa mkavu, huingia, na humo hutaga mayai ambayo huweza kufika elfu kadhaa, halafu hufa. Watoto wakianguliwa hushuka kumtafuta mbwa, hunyonya, hurudi ukutani kujibadilisha, hushuka tena, hurudi tena. Kwa joto letu mzunguko mzima waweza kuisha kwa miezi miwili au mitatu, na kupe mzima asiyepata mbwa aweza kuvumilia njaa kwa miezi mingi akiwa ufani mwake.

Sasa fikiria nyumba zetu zilivyojengwa. Jiwe la matumbawe lina matundu kama mkate wa mofa. Ukuta wa ua usiopigwa lipu, na nguzo ya mti yenye magamba chini ya paa la makuti: ungekuwa kupe ungetaka nini zaidi? Leo usiku, Simba akilala, chukua tochi uende bandani. Usimulike sakafu. Mulika ukuta kuanzia urefu wa goti kwenda juu, pale mawe yanapokutana, na pembe za mlango. Ukiona vitone vya kahawia vimejipanga ufani, vingine vikianza kusogea mwanga ukivipata, umeona chanzo cha homa ya Simba. Mwite mume wako naye aone.

Ukivikuta, kazi ni ya ukutani kama ilivyo ya mwilini. Piga lipu au ziba nyufa kwa saruji pale unapoweza. Matandiko yake yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani kila wiki. Ukuta na nyufa zipulizwe dawa ya wadudu iliyokusudiwa majengo, Simba akiwa mbali hadi ikauke, na kazi hiyo irudiwe, kwa sababu mayai yaliyomo ndani sana hayaguswi mara ya kwanza. Na mbwa mwenyewe apewe kinga bila kukatiza mwezi. Bara kwenye baridi kupe hupungua baadhi ya miezi. Sisi kusi ikivuma au kaskazi, wao wapo.

Sisemi kwamba msituni hakuna kupe. Wapo, wa aina nyingine, na baadhi yao hubeba vijidudu vyao. Hao hupanda kwenye jani la nyasi, hujishika kwa miguu ya nyuma na kunyoosha ile ya mbele, wakingoja chochote chenye damu kipite. Kwa hiyo hatari yao iko penye nyasi ndefu, hasa njia wanazopita ng'ombe na mbuzi. Ile mivinje ya Bamburi ilianza kupandwa mwaka 1971 na René Haller kwenye machimbo ya mawe ya saruji yaliyoachwa yakiwa jangwa jeupe, na ukitazama chini utaona zulia la sindano kavu zilizotafunwa na majongoo, nyasi ndefu si nyingi. Huko nina wasiwasi mdogo. Kingo za mashamba ya Mwakirunge, majani yakigusa tumbo la Simba, nina wasiwasi zaidi. Mpitishe katikati ya kijia.

Mkirudi, kabla ya chai, mkague kwa vidole kuliko kwa macho. Katikati ya vidole vya miguu, ndani ya masikio hadi kwenye mikunjo, chini ya kola, makwapani, chini ya mkia. Ukipata kidude, kishike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, uvute moja kwa moja kwa nguvu ya taratibu, bila kukisokota. Usimpake kupe mafuta wala kumchoma kwa sigara, na usimpasue kwa kucha. Mtumbukize kwenye spiriti. Fanya hivyo siku hiyohiyo, lakini usiutegemee ukaguzi peke yake: vijidudu vya homa hii vyaweza kuhama kutoka kwa kupe kwenda kwa mbwa ndani ya saa chache tu za kuuma.

Nije kwenye vidonge, jambo lililonikosesha raha niliposoma barua yako. Hukutaja jina lake, lakini kwa dalili ulizoeleza nadhani ni doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria. Kama ndiyo, kozi yake kwa ugonjwa huu ni siku 28. Si tano, si sita. Najua kwa nini watu huacha: mbwa huchangamka siku ya pili au ya tatu, mkia unapunga, sahani inalambwa, na kila kitu chakuambia amepona. Lakini vijidudu vya homa hii, viitwavyo erlikia, hukaa ndani ya chembe nyeupe za damu, zile zilizopaswa kuwa askari, na hujificha kwenye wengu na uboho. Siku sita huwapunguza tu. Waliobaki hunyamaza. Mbwa huonekana mzima kwa miezi, hata miaka, kisha kwa baadhi yao uboho wenyewe unachoka na kuacha kutengeneza damu. Akifika hapo hata mimi huishiwa na la kufanya. Nimeshaketi na wenye mbwa waliofika nao hapo, nao walikuwa wamewapenda wanyama wao kama unavyompenda Simba.

Ile damu ya pua nayo ina maana yake. Ugonjwa huu hupunguza chembe zinazogandisha damu, ndiyo maana hutoka mahali ambapo hapana kidonda. Kwa sababu hiyohiyo, usimpe dawa za binadamu za maumivu. Ibuprofeni, diklofenaki na aspirini huchoma tumbo la mbwa na kuzidisha kutoka damu, na parasetamoli kipimo kikizidi huharibu ini na damu yenyewe.

Kuhusu kutapika: dawa hiyo ikipewa juu ya tumbo tupu hukera, na kidonge kikikwama kooni hulichubua. Mpe ndani ya chakula, tonge la ugali na samaki asiye na miiba latosha, kisha hakikisha amekunywa maji. Akitapika bado, zungumza na daktari wake, kipimo chaweza kugawanywa asubuhi na jioni. Usirudie mwenyewe kutoka siku ya saba kana kwamba hakukuwa na pengo. Apimwe damu kwanza. Na wakikufanyia kile kipimo cha haraka cha tone la damu kikaonyesha bado ana ugonjwa, usikate tamaa, kwani hicho hupima kinga ambayo mwili umetengeneza, nayo hubaki kwa miezi hata baada ya kupona. Kinachotueleza zaidi ni hesabu kamili ya damu.

Ushauri wa jirani uukatae kwa upole, lakini uukatae. Mafuta ya taa huunguza ngozi, na Simba atajilamba. Yakimwingia mapafuni ni balaa jingine. Dawa ya kuogeshea ng'ombe mara nyingi huwa na amitrazi, sumu ya kuua kupe. Dawa hiyo haikatazwi kwa mbwa kwa kipimo chake, lakini kifuniko kimoja cha dawa ya ng'ombe kikimiminwa kwa kukisia chaweza kumlegeza mbwa, kumshusha joto na kupunguza mapigo ya moyo. Ninaloliona bora kwa mbwa anayetembea kama wako ni kidonge cha kutafuna cha kuua kupe, kinachopimwa kwa uzito wake. Vipo vya mwezi mmoja na vipo vya wiki 12. Kasoro yake ni kwamba kupe lazima aume ndipo afe, na kama Simba amewahi kupatwa na kifafa mwambie daktari kabla, kwani dawa za kundi hilo zaweza kukiamsha. Kola yenye dawa hufukuza kupe kabla ya kuuma, ila ubora wake hutegemea aliyeitengeneza, na za bandia zimejaa mitaani. Wengine hutumia vyote viwili kwa ushauri wa daktari. Na kama una paka, kuwa mwangalifu sana: dawa za mbwa zenye permetrini humuua paka, hata kwa kulala ubavuni mwa mbwa aliyepakwa.

Kuhema sasa. Wewe wasema "hata kivulini", kana kwamba kivuli kingetosha. Mbwa hatoi jasho la maana ila kidogo kwenye nyayo. Njia yake kubwa ya kupoa ni kuhema: hewa hupita juu ya ulimi na pua vilivyolowa, unyevu hugeuka mvuke, na mvuke huondoka na joto. Hewa ikiwa tayari imejaa unyevu, mvuke hauna pa kwenda. Ndiyo maana nguo hazikauki haraka siku yenye mawingu mazito, na Simba vivyo hivyo. Msitu wetu wa pwani una kivuli lakini hauna upepo, na unyevu umekaa humo kama mvuke wa sufuria iliyofunikwa. Ukaona hali ya hewa ni nzuri kwako, wewe uliyevaa kanga, ilhali yeye amevaa manyoya ya German Shepherd.

Ondokeni nyumbani kukipambazuka na muwe mmerudi kabla ya saa mbili na nusu. Kuanzia Januari hadi Machi, joto la kaskazi likiwa limekolea, punguza mwendo uwe nusu. Miezi ya Julai na Agosti ndiyo yenu, tembeeni. Mbwa wa kilo 28 hunywa takriban lita moja na nusu kwa siku akiwa ametulia, basi beba lita nzima yake peke yake, na bakuli, umpe kidogo kidogo kila baada ya robo saa bila kungoja aombe.

Mtazame ulimi. Mbwa aliyechoka kwa kawaida huhema ulimi ukiwa nje na mwembamba. Anayeanza kuzidiwa, ulimi hurefuka na kupanuka nchani kama mwiko, mate huwa mazito ya kunata, fizi hukolea wekundu, na huanza kubaki nyuma yako, yeye aliyekuwa akivuta kamba. Hapo matembezi yameisha. Akiyumba, akitapika au kuanguka, mmwagie maji mwili mzima, tumboni na mapajani hasa, na umpepee kwa kanga bila kuacha. Maji yoyote uliyonayo yafaa, hata ya vuguvugu. Usimfunike taulo lililolowa ukaliacha, kwani hufungia joto ndani. Mpoze kwanza, kisha mkimbize kwa daktari hata akionekana amerudi, maana figo na ini huweza kuumia kimyakimya.

Shimba Hills ya Disemba, mwanangu, ifuteni kwa Simba. Ile ni hifadhi ya taifa na mbwa hawaruhusiwi. Si ukali wa askari wa lango. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa uliotoka kwa mbwa wa vijiji ulisambaa Serengeti na kuua karibu theluthi moja ya simba, kama elfu moja hivi. Na palahala wa Shimba Hills hawana kwingine nchini Kenya. Kwa Simba mwenyewe kuna sababu ya pili: upande ule wa Kwale una mbung'o, na ugonjwa wanaoubeba huwachukua mbwa vibaya. Ukimwona mbwa aliyetoka huko na macho yamegeuka kama yana ukungu wa buluu, na uso umevimba, usingoje kesho. Makaya pia yaacheni. Ni misitu ya ibada ya wazee, mtu mwenyewe huingia kwa ruhusa, sembuse mbwa. Nguuni na vijia vyote vyenye lango, uliza langoni kabla hujafika na mbwa aliyejiandaa.

Kwenye vijia vya watu, kamba iwe fupi daima. Jumapili asubuhi utakutana na watoto wanaokwenda madrasa na wazee wenye udhu wao. Wengi hapa ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi. Pua ya mbwa iliyolowa ikigusa kanzu, mwenye nayo ana kuosha mara saba, moja kwa udongo. Teremka kando ya njia, mkalishe, salimu wewe kwanza. Nimeona njia nzima ikimzoea mbwa kwa sababu mwenye mbwa alikuwa na salamu. Kamba hiyohiyo humzuia kuchokonoa pua kwenye majani makavu alikolala bafe. Akitemewa machoni na swila, osha macho kwa maji mengi palepale kisha kwa daktari. Chanjo ya kichaa cha mbwa iwe ya mwaka huu. Mbwa asiyejulikana akimuuma Simba, mwone daktari. Akikuuma wewe, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na uende hospitali siku hiyo.

Basi, wiki hii mpeleke Simba kwa aliyemtibu. Usingoje hata kama anaruka. Kama kabla ya hapo utaona damu puani tena, madoa mekundu tumboni, mkojo wenye rangi ya chai ya mkandaa, au fizi zimepauka, nenda usiku huohuo. Fizi hupimwa hivi: inua mdomo wa juu, bonyeza ufizi kwa kidole hadi uwe mweupe, achia. Wekundu urudi kabla hujamaliza kutamka "moja, mbili". Mpime leo akiwa mzima ili uijue rangi yake ya kawaida.

Hadi damu ipimwe na hesabu irudi sawa, mtembeze barabarani hapo Shanzu dakika 15 tu, jioni, lami ikiwa imepoa kiasi cha kuvumilika na mgongo wa kiganja chako. Na uende kliniki na ile pakiti ya vidonge vilivyobaki. Daktari atavihesabu, na kutokana na hesabu hiyo atajua aanzie wapi.